Risiti ya Mbolea

Nyuma ya risiti ya mbolea nimeandika vitu vinane,
bei zake kwa penseli,
kwa sababu bei ya Mwanjelwa huandikwa ili ifutwe.
Juu kabisa, kwa wino: laki nne na ishirini.
Hiyo haifutiki.
Hayo ni magunia sita ya viazi niliyochimba Isyonje,
mwezi Juni, vidole vimekufa ganzi hadi saa nne.

Lugano, mdogo wangu, anataka kadi ya picha.
Anaitaja kama mtu anavyotaja mchumba:
ina feni mbili, ina taa ya zambarau.
Namsikiliza. Mimi nataka mashine ya kupangia
kadi za michango na ratiba za misiba,
na marehemu, Mungu anisamehe,
hahitaji taa ya zambarau.

Duka la fundi Ambakisye halina kibao.
Lina meza, na mezani kompyuta za maofisi ya mbali
zimefumuliwa kama kuku wa sikukuu,
paja huku, firigisi kule.
"Anza na mazabodi," ananiambia.
"Usinunue kiatu hujauona mguu."
Naugeuza ubao wa kijani, nausoma kwa ukucha:
tundu la prosesa, pini zimelala
kama nywele za mtoto aliyechanwa asubuhi;
nafasi mbili za ramu;
na hapa pembeni, kapasita moja imevimba kichwa.
"Hii imevimba."
"Baridi tu hiyo, dada."
"Baridi ingekuwa inavimbisha, fundi,
Uyole nzima tungekuwa mapipa."
Anacheka, anainama chini ya meza,
anatoa nyingine.

Prosesa ni ya kizazi cha nne.
"Ya zamani," Lugano ananong'ona.
Na wewe ulisoma kwa madaftari yangu, ukafaulu.

Jioni bibi ananisikia nikihesabu.
"Ubao mama? Na baba yake yuko wapi?"
Nafikiri kidogo.
Baba ni pawasaplai, bibi. Hasifiwi, hatajwi,
lakini siku akianguka
hakuna anayekula humo ndani.

Hapo ndipo penseli iliposimama.
Ziko mbili. Ya elfu ishirini na tano
naipima kiganjani kama ninavyopima kabichi:
nyepesi, imejaa upepo.
Ya elfu sabini na tano inavuta mkono chini.
Na umeme wa mtaa wetu naujua,
huondoka bila kuaga, hurudi kama mlevi,
unafungua mlango kwa teke.
Redio ya mama Atupele ilikufa hivyo, na pasi yake.

Nikafuta kadi ya picha.
Lugano hakusema kitu.
Alichukua ubao, akanionyesha ile nafasi ndefu
ambayo kadi ingekaa,
akaipuliza vumbi, akaifunika kwa kipande cha gazeti.

Kasha sikununua.
Mzee Mwaisumo, seremala, alinipa mabaki ya paina
aliyokuwa akiwashia jiko,
nikayagongelea usiku, mapengo nikayaacha makusudi.
Feni ya ziada pia sikununua.
Dirisha langu linatazama Loleza,
na ukungu wa Loleza haujawahi kudai bei.

Tukawasha.
Mlio mmoja mrefu, kisha mwingine, skrini nyeusi.
Moyo wangu ukahesabu magunia: moja, mbili, tatu.
Nikazima. Nikachomoa ramu, nikaifuta kwa pindo la kitenge,
nikaibonyeza hadi ikaita *ka*.
Tukawasha tena.

Herufi nyeupe zilipopanda
Lugano alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.
Bibi hakuziangalia herufi.
Aliweka viganja kwenye mapengo ya zile mbao,
akatulia.
"Inatoa joto," alisema,
akavuta kigoda.