Mundu

Kazi yangu ni kufungua na kufunga.
Alfajiri pampu ya Mto Nyando inakohoa,
inakohoa tena, kisha inashika,
na maji ya rangi ya chai ya maziwa
yanaingia mfereji mkuu, yanagawanyika,
yanateremka hadi kwenye vijito
ambavyo mtoto anaviruka bila kutazama.
Wa juu wakipata, wa chini wananuna.
Hivyo ndivyo ninavyoijua Ahero: kila jaruba na zamu yake.

Basi muuguzi Kageha aliponichorea moyo
nyuma ya bahasha ya eksirei,
sikuhitaji mkalimani.
Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka,
unaisukuma mapafuni ikavute hewa;
inarudi kushoto, nyekundu, ina haraka,
inatoka kwa mshipa mnene kama mfereji wangu
hadi mishipa myembamba kuliko unywele
ambamo chembe hupita moja moja
kama watu kwenye daraja la gogo.
"Kisha inarudi. Dakika moja hivi, imezunguka mwili mzima."
Nikauliza, na hakuna tone linaloibwa njiani?
Akacheka. Hajui majirani zangu.

Halafu akachora chembe za binti yangu.
Hazikuwa duara. Zilipinda.
Nilizijua kabla hajazitaja.

Tulimwita Akeyo kwa kuwa alikuja na mavuno.
Mama yake aliweka mundu juu ya tuta,
akashika kiuno, akasema, ni leo.
Mundu ule hatukuuona tena.
Tulimshuku huyu, tukamnunia yule,
na miaka saba baadaye ndio huu, kwenye bahasha.
Mimi nilikuwa na mpini, mama yake makali,
na nusu haikati.

Najua mfereji unavyoziba.
Gugu moja linakwama, jingine linalishika mkono,
tope linakaa kitako,
na majaruba ya chini yanapasuka midomo.
Mimi huingia na jembe, maji kiunoni, nikazibua.
Lakini usiku ule vidole vyake vilivimba,
kisha goti, kisha maumivu yakapanda kifuani,
akaniita baba, baba, kama aitaye mtu aliye ng'ambo,
nami nipo papo hapo, na mikono hii mikubwa
isiyo na pa kuingilia.

Walimtundikia damu ya mtu nisiyemjua.
Niliitazama ikidondoka, tone, tone,
nikamwombea mtu yule mvua ya wakati.

"Mpe maji," alisema Kageha tukiruhusiwa.
"Maji mengi. Na asipigwe na baridi."

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijashika ufunguo wa lango,
najaza kikombe cha bati.
Anakunywa macho yamefumba, anateta kwamba ni usiku bado.
Naweka kidole kwenye kifundo cha mkono wake,
nangoja.
Imeshika.

Wenye mpunga wasubiri kidogo.