Ndoo ya Lita Ishirini

Kipindi cha saba, Darasa la Saba B.
Jua la Igombe limelalia bati,
harufu ya dagaa imeingia dirishani bila hodi.
Nimeandika ubaoni: *Ujazo wa mcheduara.*
Masalu amelaza shavu juu ya daftari
alilolifunga tangu Januari.
Nyanzobe kanyoosha mkono, nikafurahi, kumbe:
"Mwalimu, huyu mcheduara anaishi wapi?"
Wakacheka. Nami nikacheka nusu,
nusu ya pili ikanikwama kooni
kama mwiba wa sato.

Miaka kumi na moja nimeinadi pai
kama muuza dawa wa mnadani:
meza, usiulize, itakufaa mbele ya safari.
Mbele ya wapi?

Kesho yake kitabu nikakiacha kabatini.
Tukashuka mwaloni, watoto arobaini na wawili,
na uzi wa cherehani,
na rula iliyovunjika mwanzo (tukaanzia mbili, tukatoa mbili).
Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya mawe,
wanameta, korongo wawili wakiwakodolea macho
kama wadai.

Mama yake Nyanzobe alikuwa anapima.
Mnunuzi, Bwana Lugembe, huja na ndoo yake mwenyewe:
ndoo ya rangi, imevishwa pete ya bati mdomoni,
na jina lake ni Lita Ishirini.
"Tuazime kidogo," nikasema, "tujifunzie."
Akacheka, akatoa. Nani aogope watoto?

Kabula akazungusha uzi. Mzingo: themanini na nane.
Tukaandika mchangani, wimbi likafuta,
tukaandika tena, juu kidogo.
Kipenyo ishirini na nane. Nusu yake kumi na nne.
"Kumi na nne mara kumi na nne?"
Kimya. Kisha sauti kutoka nyuma,
nzito, ya mtu aliyeamshwa:
"Mia tisini na sita."
Masalu. Yule mhesabu chenji
wa kibanda cha shangazi yake, kila jioni,
ambaye mimi sikuwahi kumuuliza chochote.

Mara pai. Mia sita kumi na sita.
Mara kimo: thelathini na saba na nusu.
Mugeta alikosea, akafuta kwa kisigino, akarudia,
na hesabu ilipotulia
hakuna aliyepiga makofi.
Lita ishirini na tatu, na kijisehemu.
Wote wakaitazama ile pete ya bati.

"Kwa hiyo ndoo saba," Nyanzobe akasema polepole,
"mama anatoa nane. Ya nane bure."

Nilijiona shujaa, nakiri.
Nilimsogelea mama yake na zile namba
kama mtu aliyebeba zawadi.
Aliendelea kukung'uta dagaa wavuni.
"Mwalimu, mimi nilijua.
Mgongo nao una hesabu zake.
Lakini ada ya kaka yake, nani alitoa?
Laki moja, mwezi wa kwanza. Nalipa ndoo mbili kila giza,
mwezi ukiwaka tunapumzika wote,
yeye, mimi na dagaa.
Namba zako zitanikopesha?"

Sikuwa na jibu. Nikarudisha ndoo,
nikasema asante, Bwana Lugembe akasema karibu tena.
Njiani watoto walipiga kelele zao zote
ila mmoja.

Jumatatu nilirudi na kitabu, ukurasa wa tisini,
nikiwa mpole kama aliyenyeshewa.
Nyanzobe alisimama kabla sijafungua.
"Mwalimu, laki moja. Ndoo mbili kila giza.
Na kila ndoo ina lita tatu za wizi.
Deni linaisha lini?
Au liliisha?"

Nikaichukua chaki. Nikaandika x,
nikaanza, kwa mazoea, kueleza x ni nini.

"Subiri, mwalimu," akasema Masalu,
daftari lake liko wazi, karatasi ya kwanza, nyeupe pe.
"Kwanza tupate bei ya ndoo.
Ya giza na giza. Haifanani."

Nikaifuta x.
Nikampa chaki.