Chini ya Soko

Msiniulize habari za mbwa mwitu na mapacha wake.
Mimi ni binti wa mchimba mtaro,
na maziwa niliyoyajua yalikuwa ya mbuzi,
tena mbuzi wa kuazima.

Kabla soko halijawa soko, lilikuwa bwawa.
Tiberi ukifurika, maji yalipanda baina ya vilima
yakalala humo mwezi mzima, yakinuka.
Mbu walikuwa wengi kuliko raia.
Ndiyo Roma hiyo: vibanda vya udongo na matete,
moshi ukitokea mlangoni kwa kukosa pengine,
uji wa shayiri asubuhi, uji wa shayiri jioni.

Mfalme akasema, bwawa likaushwe.
Alisema kama mtu asemavyo, funga mlango.

Akaletwa Arnthi, Mwetruski wa Veii, fundi wa kamba na vigingi,
aliyejua maneno matatu tu ya lugha yetu:
chini, chini zaidi, na kesho.
Baba yangu Opiteri akapewa sururu
na zamu, toka jogoo hadi giza,
bila ujira, maana kazi ni ya mji
na mji ni wetu sote.
Baba akauliza, huo mji ni nani?
Akaongezewa siku tatu.

Kila usiku alirudi na tope hadi kwapani.
Mama alimmwagia maji uani kama aoshaye ng'ombe,
na baba akatokea kidogo kidogo:
bega, sikio,
kisha ile sauti yake ya kukwaruza.

Wengine hawakutokea.
Atto Msabini, mchukuzi wa chumvi,
alikuja kuuza siku mbili tu, akashikwa, akatiwa zamuni;
ukuta wa udongo ulimlalia msimu wa mvua.
Volesi, jirani yetu, alijitupa kutoka mwambani.
Walisema aliteleza.
Sisi tuliosikia alivyoaga, tulinyamaza.

Mwaka wa pili, kina cha mtu na nusu,
sururu ya baba iligonga kitu kikalia kama chungu.
Kilikuwa nyumba.
Nyumba ya kufinyangwa, ya kupakatwa,
ina paa, ina mbavu za paa, ina mlango na komeo lake,
na ndani yake majivu
na pini ya shaba ya kufungia vazi.
Kumbe wenzetu walilala humo zamani,
kabla ya mfalme yeyote, na sisi tulikuwa tukiwachimbua usingizini.
Arnthi alishuka, akavua kofia, akachungulia.
Akatamka neno la nne, ambalo hakuna aliyejua analo:
mama.
Kisha akasema, chini zaidi.

Baba aliileta nyumbani amefunika kwa shuka.
Mama akaizika chini ya upenu,
pale alipolala mdogo wangu wa siku tisa,
akasema, angalau sasa mtoto ana bibi.

Leo nina meno manne. Nauza dengu
juu ya changarawe iliyomeza bwawa.
Wafalme wamefukuzwa. Wanaume wa mavazi meupe
husimama hapa wakigombea nani atatawala mwaka huu,
vijana wanarudi vitani na ng'ombe wa watu,
na mpaka wetu unasogea kila kiangazi
kama kidole cha mwizi kwenye kapu la nafaka.
Wanasema tutakuwa wakubwa. Huenda.
Wanasema tulinyonyeshwa na mnyama wa porini.
Mjukuu wangu anaipenda hiyo; usiku hubweka.

Saa ya jua kali, wateja wakipungua,
huvua kiatu nikakanyaga mbao zilizozibia mtaro.
Maji yanapita. Yanachukua maganda, kinyesi, damu ya machinjioni,
mvua ya kila kilima bila kuuliza kilima cha nani.
Nasikia ule mkwaruzo.
Nyamazeni kidogo,
anaoga.

Ngapi? Kibaba kimoja?
Lete mfuko.