Ukurasa wa Arubaini na Moja

Saa tisa usiku, Tartu. Theluji imeziba dirisha.
Hifadhidata ya benki ya damu haijibu:
jedwali la wachangiaji limejifunga,
kila ombi limepanga foleni nyuma ya jingine,
na simu ya chumba cha upasuaji inalia, inalia.

Nafungua daftari la zamu.
"Usizime seva. Narudia, usizime.
Tafuta muamala mkongwe, uliolala na ufunguo mkononi.
Ung'oe huo peke yake. Kisha pumua."

Nikaung'oa. Foleni ikayeyuka.
Chupa mbili za O hasi zikaonekana, rafu ya saba.
Nikapumua, kama nilivyoagizwa.

Ndipo nikautazama mwandiko, ile k iliyopinda mgongo.
Wangu. Wa miaka sita nyuma,
usiku ambao Ülo alisimama nami hadi kukakucha
akasema: andika sasa, usingizi ni mwizi.
Nilikuwa nimesahau hata kwamba niliwahi kujua.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari bila msomaji je?

Chini, kwa wino wa kijani, herufi ndogo ndogo:
"Nakala ya Jumapili msiiamini. Nimeirudisha, ni tupu."
Raivo huyo, kijana mgeni, asiyesema neno mezani.
Mwezi mzima onyo limelala hapa, nasi tunapita.

Chai imepoa. Nakata mstari wa tatu,
amri ambayo toleo jipya haliijui,
naandika nyingine, na tarehe,
kisha naenda kumwamsha Raivo.