Pumzi Kabla ya Wimbo wa Tatu

Jumamosi, na mvua ya Ghent haikati shauri:
hainyeshi, haiachi.
Dukani tunauza santuri, kahawa,
na siku kama hizi, mahali pa kukaushia makoti.
Tangu saa nne nimeweka ya Annelore,
ile yenye jalada la bwawa la kuogelea lisilo na mtu,
na kila aingiaye analeta hukumu yake
pamoja na matope.

Maurits, aliyeendesha tramu miaka thelathini na mmoja:
"Huu muziki wa lifti.
Tena lifti ya hoteli ghali,
inapanda, inapanda, haifiki ghorofa yoyote."
Lakini hajavua kofia, wala hajaondoka,
na kidole chake cha shahada kinagonga kaunta
pale pale besi inapogonga.
Nikanyamaza. Mteja hasutwi.

Wannes anasomea uhandisi wa sauti. Usimguse.
Ngoma ni za mashine, asema, na mashine yenyewe ya mitumba;
sauti ya mwanamke imeoshwa, imesuuzwa, imeanikwa,
mpaka imepauka.
Mwangwi umezidi kama sukari kwenye chai ya mgonjwa.
"Utoe mwangwi, utabaki na nini?"
Anauliza kama askari, si kama mtu anayetaka jibu.
Hakununua. Alipiga picha jalada.

Goedele hana habari na mwangwi.
Ni muuguzi wa usiku, wodi ya moyo.
Hurudi nyumbani wenzake wakipaka mkate siagi,
akafunga mapazia, akaweka upande wa kwanza,
na hajawahi kuufikia wimbo wa nne.
"Sijui unaishaje," asema bila haya,
"na usiniambie."
Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyosikia mwaka huu,
ingawa Annelore akipelekewa
huenda asilale yeye.

Kisha Fernande, mjane, na kikapu chake cha magurudumu,
majani ya liki yakichungulia nje.
Akaomba sindano irudishwe nyuma.
Tena.
Nyuma kidogo zaidi, mwanangu. Tena.
"Hapo. Kabla ya wa tatu. Umesikia?"
Sikusikia.
"Anavuta pumzi. Wamesahau kuifuta."

Tukainama sote juu ya spika moja,
hata Wannes, ambaye masikio yake yana bei,
na kweli ilikuwepo:
ndogo, mbichi,
kama ya mtu mezani aliyetaka kusema neno
halafu akaomba tu apitishiwe chumvi.

"Pumzi hiyo ndiyo ninayoilipia," Fernande akasema,
akihesabu sarafu moja moja.
"Mengine ni samani. Nzuri, lakini samani."
"Ni kosa la fundi," akasema Wannes, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.
Maurits alivua kofia, akaitazama ndani
kana kwamba bei imeandikwa humo.

Mimi je? Nimeisikia mara sitini, labda zaidi,
na nikiulizwa nasema inauzika.

Ila usiku ule, nyumbani, nasugua sufuria,
jirani mpya wa juu akaiweka.
Maneno hayakushuka. Vinanda havikushuka.
Ilishuka besi, na kitu cha mbali
ambacho kingeweza kuwa sauti au bomba la ukutani.
Nilifunga maji.
Sijamfungia mtu maji tangu Joris ahame,
na Joris alikuwa akinung'unika kweli, si kuimba.
Nikasimama, povu hadi viwikoni,
wimbo wa kwanza, wa pili,
nikingoja ile nafasi.

Zege halipitishi pumzi.
Nikaivuta mwenyewe.