Fetiki, Losi

Alfajiri ya Ipogolo. Ukungu wa Ruaha Mdogo
umetulalia mabegani kama blanketi la bweni,
na Mwalimu Tasilo Kihwele yuko juu ya jiwe,
kaptula ya bluu, magoti makavu,
saa ya Leipzig ikining'inia kifuani.
“Fetiki,” anasema. Tunainama.
“Losi!”
Na mlima wote hadi mjini ni deni letu.

Wengine mchakamchaka waliukimbia kwa nyimbo.
Sisi tuliukimbia kwa hesabu:
vidole viwili shingoni, sekunde kumi, zidisha kwa sita,
andika.
Daftari lake liliijua mioyo yetu kuliko mama zetu:
wa Chengula, taratibu, ng'ombe anayecheua;
wangu, kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

Jina Tasilo alilirithi kwa babu yake,
aliyebatizwa na mtawa wa Kijerumani.
Kule chuoni, ndugu wa ofisini alikunja uso:
“Jina hili la kanisa umelitoa wapi?”
“Kwenu,” akajibu.
Hadithi hii aliirudia kila muhula. Tulicheka kila muhula.

Kule, alisema, mwili ni mali ya umma,
kama trekta, kama shamba la kijiji.
Walimfunga barakoa, wakapima mapafu
yaliyokulia kwenye hewa nyembamba ya Kilolo,
wakaitana waje waione sindano ya mashine.
Wakamfundisha halaiki: watu elfu nane uwanjani,
mkono mmoja.

Aliporudi, nchi ilikuwa inakula unga wa yanga.
Akachora kasha la kurukia kwa chaki,
seremala wa Mlandege akalipigilia mbao za Sao Hill,
juu likavikwa gunia la pareto.
Hata kwetu, miaka baadaye, sayansi ile ilinuka pareto.

Mara moja tu alinitajia Renate, mtupa tufe.
Tulikuwa zamu, tukilinda mahindi ya chuo dhidi ya nguruwe.
Vidonge vya bluu, alisema, kando ya glasi ya maziwa.
Vitamini, waliambiwa.
Mwaka ule sauti ya Renate ilizama kama ndoo kisimani.
“Mimi nilishika utepe. Nilisoma mita.
Sikuuliza.”
Akainama kupuliza moto,
na moshi ukayapa macho yake kisingizio.

Kisha nchi iliyompa cheti ikafa, redioni,
kati ya bei ya kahawa na matangazo ya vifo.
Hatukumpa pole. Nani humpa mtu pole ya nchi?
Kesho yake alikuja jiweni bila saa.
Tukapanda, tukafika, tukashika shingo kwa mazoea.
“Shusheni mikono,” alisema. “Pumueni tu.”
Hatukujua kupumua bila kuandika.

Siku hizi watoto wa Kihesa wanashindana kuelekea bombani,
“Fetiki, losi!”
na ukiwauliza ni lugha gani, watakwambia Kihehe.

Juzi nilimpeleka hospitali ya mkoa.
Muuguzi kijana akamshika kifundo cha mkono,
macho kwenye saa ya ukutani.
“Themanini na nne,” alisema mzee,
kabla binti hajamaliza.
Binti akahesabu tena, dakika nzima.
Akaandika.