Dole Gumba

Chuo chetu kikongwe. Kenchi za maabara
ni vyuma vya reli iliyong'olewa, ile ya karanga,
karanga zilizogoma kuota.
Mvua ikinyesha Mtwara, bati hugonga kama behewa.

Ubaoni Dakta Mkwanda aliandika:
ganda la korosho, mafuta yake, matumizi.
Breki za lori. Rangi ya boti. Dawa ya mchwa.
"Hakuna kinachotupwa," akasema, akifuta chaki kwa kiwiko.
Nikanakili: hakuna kinachotupwa.

Mwezi wa kumi tukapelekwa Newala, mafunzo kwa vitendo,
kwenye kiwanda kilichokuwa ghala, lililokuwa kiwanda,
vijana wanane, makoti meupe, basi la chuo
lenye maandishi ubavuni: Ubia wa Elimu na Viwanda.
Tulibeba kimashine cha mahudhurio:
mtu anaweka dole gumba, taa inawaka kijani,
jina linapanda kiooni, mshahara hauna mzozo.
Mimi ndiye niliyekiunda. Nilipata A.

Foleni ya wabanguaji. Vidole wamepaka majivu.
Harufu ya ganda lililokaangwa,
harufu niliyonyonya nayo.
Asumini Chitanda: nyekundu.
Somoe Nangumbi: nyekundu.
Bi Fatu Likwata akapangusa kidole kwenye kanga,
akakipuliza kama anayepoza uji,
akabonyeza tena.
Nyekundu.
"Mwanangu, mashine yako haituoni."

Nikamshika mkono. Ncha za vidole
laini, nyeusi, kama mpini wa jembe la zamani.
Hakuna mstari hata mmoja. Mafuta ya ganda
(ukurasa wa arobaini na moja: huunguza ngozi)
yalikwisha kuisoma mistari yote, yakaifuta.

Dakta akanong'ona tubadili programu.
Meneja akatazama saa.
Mimi nikakumbuka fomu yangu ya mkopo,
mahali pa mzazi: doa la wino, duara tupu,
na karani aliyeirudisha mara mbili,
kalamu nyekundu: haisomeki.

Haisomeki.
Nami nimesoma kwa hiyo hiyo.

Ripoti ilitakiwa kurasa ishirini.
Ya kwanza sikuandika neno. Nilimpa Bi Fatu wino,
akacheka, akauliza ni kura ya nani,
akabonyeza katikati ya karatasi.

Imerudi jana. Dakta amezungushia doa
kwa penseli, taratibu, kama aliyekaa nalo usiku,
na pembeni ameandika:
Taja chanzo.